Mafuta Yasiyokaa

Fsss. Kisha kimya. Kisha fsss nyingine, fupi, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Umeme ulikuwa umekatika, na mama yule kijana alikuwa amechuchumaa gizani kando ya sanduku la zana za marehemu baba yake, mkono mmoja umeshika kopo la dawa ya kutu, mwingine ukipapasa randa. Hakuhitaji taa. Patasi, tupa, keekee, kila kimoja alikijua kwa kukigusa. Kitandani, upande wa ukutani, binti yake alikuwa amelala, amejifunika gubigubi.

Siku zote kazi hii haikuwa na sauti. Baba, seremala wa maisha, alimfundisha kupaka grisi kwa kitambaa, taratibu, mpaka chuma kivae utando mzito. Ile ya kopo ilikuwa ya kulegezea skrubu zilizogoma na kufukuza maji, basi. "Huyu ni mgeni," mzee alikuwa akimwambia mjukuu wake, akilitikisa kopo. "Ataingia anacheka, atanukia nyumba nzima, ukigeuka hayupo. Grisi ndiye mwenyeji. Mchafu, hana harufu ya maana, lakini haondoki." Na mtoto, akiwa amekaa juu ya rundo la maranda, alikuwa akicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza ayasikie.

Mzee alipofariki, sanduku lilibaki mikononi mwa binti yake, mama wa mtoto huyo. Tangu mvua zilipoanza, kuta zikitoka jasho, hakuacha kulipitia. Kwa zana zile alianza kutengeneza viti vidogo vya chekechea. Jioni akaenda darasani kujifunza kuchora samani, vidole vyake vikiacha madoa meusi kwenye kila karatasi. Akilini alikwishaiona karakana yake, mpaka rangi ya mlango.

Kisha kaka yake akaja. Kaka ambaye tangu utotoni hakuwa na habari na msumeno isipokuwa kuuruka wakati akikimbia kazi. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi bila yeye na kukata shauri: zana za baba ni za mtoto wa kiume, kwa kuwa dada mtu aliolewa akarudi, na huenda akaolewa tena. Mnunuzi alikwishapatikana. Angekuja mvua zikikatika. Mpaka hapo sanduku lingekaa stoo kwa kaka. Alitoa patasi moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akapiga mluzi.

"Umezitunza, mdogo wangu," alisema. "Kusema kweli, zingekuwa na kutu ningekuachia."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa sifa, na huo upole ndio uliochoma. Miezi yote ile alidhani analinda riziki ya mwanawe, kumbe alikuwa akiipamba ikaolewe kwingine. Kaka akaaga, akamwomba azipake vizuri, atazifuata asubuhi.

Ndiyo maana sasa alikuwa gizani na chupa ya petroli ya kuoshea grisi. Alifuta grisi yote, kipande kwa kipande. Chuma kitupu kilikuwa baridi kama paji la uso la baba siku ile alipomgusa kwa mara ya mwisho. Mkono ukasita. Kisha akanyunyiza yale mafuta ya kopo, yasiyokaa. Paa la stoo ya kaka lilivuja, hilo alilijua. Mnunuzi angeona wekundu, angesonya, angekwenda zake, na sanduku lingerudishwa kwake kama takataka. Kutu ya juujuu hutoka kwa msasa na subira. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kwamba kutu ikishazama kwenye makali hakuna msasa wa kuyarudisha, hilo pia alilijua, ila hakujiambia.

Kulipokucha kaka alifika. Mtoto akatoka kitandani, akamwamkia mjomba wake, akapakatwa. Zana ziling'aa kuliko siku zote. Kaka alipitisha kidole juu ya randa, kikatoka safi.

"Leo hata hazichafui mikono," alisema, akacheka. "Zitakaa lakini?"

"Zitakaa, kaka."

Neno lilimtoka laini, bila kukwaruza popote, na ulaini wake ukamtisha. Hakuwahi kumdanganya mtu yeyote kuhusu kazi ya baba yake. Macho yake yalikuwa sakafuni, kwenye kitambaa cheusi cha grisi aliyoifuta usiku, alichosahau kukificha.

Mtoto naye alikiona. Alinusa hewa ya chumba, akanusa tena, akateremka polepole kutoka mapajani mwa mjomba wake.

"Mama hakupaka grisi," alisema.