Ubao wa Pasi wa Bi Halina

Everett Lindqvist alikuwa ametimiza miaka sita akisomea udaktari wa falsafa pale Chicago, na katika miaka yote hiyo aligundua jambo moja tu: kwamba jasho la mtu halimpi umiliki wa kitu cha umma. Hilo alilieleza kwa kurasa mia mbili na kumi. Jasho lenyewe hakuwahi kulitoa.

Februari ile theluji ilianguka siku mbili mfululizo, magari ya mtaani yakafukiwa hadi paa. Bi Halina Wojcik, jirani wa chini, mjane wa miaka sabini mwenye nyonga mbovu, alichimba kwa koleo saa tatu nzima kulitoa gari lake. Alipoondoka kwenda kazini kwenye duka la mikate, akafanya kama mtaa mzima unavyofanya: alisimamisha ubao wa pasi pale alipochimba. Ubao ukishasimama, nafasi ina mwenyewe.

Jioni Everett alirudi kutoka maktaba, akazunguka mara nne kutafuta pa kuegesha, akauona ubao. Akashuka, akausogeza ukutani taratibu kama anayemsindikiza bibi harusi, akaegesha. Begi lenye kompyuta na tasnifu aliliacha ndani ya gari, asije akalisahau asubuhi. Maana kesho yake saa tatu alikuwa na kikao na maprofesa wake, na asipofika na tasnifu mkononi, anafutwa chuoni.

Haukupita muda, Bi Halina akagonga mlango.

"Wewe kijana, gari lako limekalia nafasi yangu."

"Bi Halina, barabara ni ya wote. Nimeandika sura nzima kuhusu hilo."

"Na koleo, umelishika sura ngapi?"

"Kuchimba hakumpi mtu haki, Bi Halina."

"Haya, msomi. Lala salama."

Saa moja na nusu asubuhi Everett alishuka akakuta gari limegeuka jiwe la barafu. Mtu alikuwa amelimwagia maji, ndoo juu ya ndoo, na baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri ikamalizia kazi. Begi lilionekana kule ndani kama samaki kwenye friza. Akaanza kukwangua mlango kwa kadi ya maktaba. Kadi ikavunjika vipande viwili.

Bi Halina alikuwa amesimama kwenye ngazi, kikombe cha kahawa mkono mmoja, mashine ya kukaushia nywele mkono wa pili, waya wake ukiburuzika kutoka ndani.

"Maji nayo ni ya wote, mwanangu."

"Nakuomba, Bi Halina. Watanifuta!"

"Nafasi ni ya nani?"

"Kinadharia..."

Bi Halina akageuka kurudi ndani.

"Ni yako! Ni yako mama, umeichimba!"

"Utaandika."

Mashine ilivuma nusu saa ndipo mlango ukaachia. Everett akachomoa begini karatasi ya kwanza iliyokuja mkononi, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: HAPA NI PA BI HALINA. AMECHIMBA. Kabla moshi wa gari lake haujatawanyika, ubao ulishasimama tena, karatasi kifuani.

Aliingia kikaoni saa tatu na dakika tano, pua nyekundu. Maprofesa watatu walikuwa wakimsubiri. Profesa Dunleavy, msimamizi wake, akafunua kurasa, akakwama katikati.

"Everett, ukurasa wa themanini na nne uko wapi? Ndio wenye hoja yenyewe."

Everett alitafuta uongo, akakuta nao umeganda.

"Uko mtaani kwetu, Profesa. Unalinda nafasi ya gari."

Profesa Dunleavy akakohoa.

"Mimi yangu nimeiachia kiti cha jikoni," alisema.

"Mimi ndoo mbili," akasema wa pili.

Wa tatu alitazama dirishani. "Kigari cha mtoto. Mtoto ana miaka kumi na tisa sasa."

Wakampitisha kwa kauli moja, wakaisifu hoja yake kwamba haina mwanya. Kisha wakafunga kikao mapema, maana nje theluji ilikuwa imeanza tena, na kila mmoja alikuwa na nafasi yake ya kuiwahi.