Lango la Gari Namba Kumi na Nne

Kila Jumamosi ya kiangazi, kabla ya mbio za magari, Lavonne Dreyer alimfutia mumewe vumbi kwenye miwani, akamkabidhi mkoba wa spana, kisha akaachwa nje. Kwenye ua wa mafundi wanawake hawakuruhusiwa. Ndivyo ilivyokuwa katika uwanja wa Elk Prairie, jimboni Iowa, tangu wakulima walipouchonga ule mviringo wa udongo katikati ya mahindi. Vitu vya mkosi vilikuwa vitatu: karanga, gari la kijani na mwanamke.

Injini ya gari namba kumi na nne aliiunda Lavonne mwenyewe, bandani nyuma ya nyumba, grisi hadi viwikoni. Merle, mumewe, alijua kukanyaga mafuta na kukata kona, basi. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapa vikombe vyote alitunzwa mume.

Jumamosi moja ya Juni, mwaka 1961, gari lilianza kukohoa katikati ya mbio. Likaiacha njia, likapenya kwenye uzio wa mbao bila kuvunja ubao, likapanda ngazi za jukwaa polepole, likiwapisha wenye watoto, hadi alipokaa Lavonne. Hapo likasimama na kuifungua boneti lenyewe. Merle alikuwa bado ndani, ameng'ang'ania usukani.

"Limenishinda, mke wangu."

"Plagi hiyo. Nilikwambia asubuhi, ukanijibu ndiyo, ndiyo."

"Lavonne, liambie lisinikanyagie pai yangu," alisema Opal, jirani yake.

Lavonne alikaza plagi, gari likashuka, likashinda mbio. Jumamosi iliyofuata likapanda tena, na iliyofuata pia. Watazamaji walianza kulalamika kwamba suruali zao zinachafuka oili.

Harlan Boyce, mwenyekiti wa uwanja, akamfuata.

"Bi. Dreyer, gari lenu linatuharibia ngazi."

"Basi niruhusuni niingie ndani. Halitakuwa na haja ya kunifuata huku."

"Utuletee mkosi? Watu watakufa humo!"

"Mwaka jana walikufa wawili, Harlan, na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Boyce akaitisha kikao, kama wafanyavyo wakubwa wakibanwa. Kamati ilikaa, ikala kuku wa kukaanga, ikapiga kura. Wiki hiyo hiyo maseremala walikata uzio na kuweka lango jipya, pana, lililopakwa rangi nyeupe.

Jumamosi Lavonne aliliona kwa mbali, akadhani limewekwa kwa ajili yake. Alimpokonya Merle mkoba wa spana, akaenda mbio hadi langoni. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Si lako, Bi. Dreyer. Ni la gari, litoke likuone bila kusumbua watu."

Boyce alikuwa pembeni, akitabasamu. "Umeona tulivyokufikiria?"

Aibu hawana! Walikuwa radhi kuutoboa uzio kwa ajili ya bati na magurudumu kuliko kumpisha mtu aliyeiunda injini.

Gari lilipokohoa, lilitoka kupitia lango lake na kusimama mbele ya Lavonne. Alipiga magoti topeni, akalitengeneza, likarudi ndani, lango likafungwa. Ikawa hivyo miaka yote aliyobaki na nguvu za kupiga magoti.

Lango bado lipo. Wageni wakiuliza historia ya uwanja, huletwa kwanza hapo, wakasomewa maandishi ya shaba yaliyo juu yake: Lango la Merle Dreyer, bingwa na fundi.