Barua ya Mpima Macho

Boaz Omanga alikuwa amepima macho mjini Migori kwa miaka kumi na mmoja, na watu walimpenda kwa kuwa hakuwapotezea muda. Dakika kumi tu na namba yako ya miwani ilikuwa imeshaandikwa. Ndiyo maana Lynnet Adhiambo alimsumbua kichwa.

Lynnet alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha afya pale mjini, akisomea kazi ya maabara. Mara ya kwanza alikuja akilalamikia ukungu, Boaz akampa miwani. Baada ya miezi mitano akarudi, miwani haifai tena. Alipopimwa upya, namba ilitoka nyingine kabisa. Mara ya tatu, mbele ya ubao wa herufi, alikunja uso, akainamisha kichwa upande.

"Hiyo herufi unaiona ama huioni?" Boaz akauliza.

"Naiona, daktari. Lakini iko na mikia. Na kuna ingine hafifu chini yake."

"Sasa lenzi ya kwanza ama ya pili, gani afadhali?"

"Zote ni mbaya. Kila moja na ubaya wake."

Nje foleni ilikuwa ndefu. Boaz alipommulika kwa tochi yake ya kupimia, ule mng'ao mwekundu ndani ya mboni haukusogea wote pamoja kama alivyozoea. Ulipasuka vipande viwili, vikakutana na kuachana kama makali ya mkasi. Akadhani mkono wake umechoka. Akabahatisha namba, na kwenye faili akaandika: "Mgonjwa hashirikiani na mpimaji."

Wiki mbili baadaye Lynnet alikuja na ombi. Kila alipohesabu vijidudu vya malaria kwenye hadubini, hesabu yake haikulingana na ya wenzake, na mwalimu alimshtaki kwamba anabuni majibu. Chuo kilitaka barua ya aliyempima macho. Boaz alifungua faili, akaona kwamba kwa kukaza macho na kukisia msichana aliwahi kufika karibu na mstari wa mwisho. Akaandika sentensi mbili, akagonga muhuri. Lynnet akaipokea kwa mikono miwili.

Hakumwona tena kwa mwaka mmoja na nusu.

Kisha wapima macho wa Migori na Homa Bay wakaitwa kwenye mafunzo mjini Homa Bay. Daktari Bochaberi, bingwa wa macho, aliketisha mbele yao mwanamke aliyekubali kuangaliwa, akawaambia wammulike mmoja mmoja. Zamu ya Boaz ilipofika, aliuona tena ule mkasi.

"Huyu ana keratokonasi," Bochaberi akasema. "Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, imekonda na kuchongoka. Namba ya miwani haitulii. Atakuambia herufi zina mikia, na anasema kweli. Usimharakishe. Akiona vizuri zaidi kupitia kibao chenye tundu dogo, na miwani haimfikishi hapo, mtume kwa bingwa mapema."

Boaz hakungoja chakula cha mchana. Alimpigia Pamela, karani wake, amsomee faili. Simu ya Lynnet haikupatikana, ila faili ilionyesha kwao ni Sindo, kando ya ziwa. Jumamosi akaenda na sanduku lake la lenzi.

Alimkuta mama yake Lynnet, Risper, akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani. Lynnet akatoka jikoni. Katikati ya jicho lake la kushoto palikuwa na kovu jeupe.

"Ni daktari wa Migori," akasema, alipoisikia salamu.

Miezi kumi nyuma aliamka jicho hilo likiuma, limevimba na kujaa maji. Maumivu yaliisha, weupe ukabaki. Boaz alimweleza yote aliyojifunza, bila kujitetea. Lynnet alimsikiliza hadi mwisho.

"Barua yako naijua kwa kichwa," akasema. "'Kwa miwani anaona vizuri. Hana kasoro ya macho ya kumzuia kufanya kazi yake.' Walinisomea mbele ya kamati, halafu wakanifukuza. Na ile mikia niliyokuambia, uliiandika wapi?"

"Sikuiandika. Niliandika kwamba hushirikiani."

Mkono wa Risper ukasimama juu ya omena.

"Mimi nilimwambia aache uvivu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilisema daktari hawezi kudanganya. Nyathina, mwanangu, nilikwambia hivyo."

Boaz aliomba ruhusa ya kumpima jicho la kulia, akatundika ubao kwenye mlango wa jikoni. Safari hii ilichukua saa nzima na zaidi. Alimwachia Lynnet aizungushe lenzi mwenyewe kwenye fremu, kidogo kidogo, hadi pale mikia ilipopungua. Alifika mstari wa nne. Kwa kibao cha tundu alisoma miwili zaidi.

"Miwani inaishia hapo kwenye wa nne," Boaz akasema. "Kilichobaki kinataka lenzi ngumu ya kuvaa juu ya jicho, na matibabu ya kuikaza konea isizidi kuchongoka. Nitakupeleka Kisumu mimi mwenyewe."

"Ungenituma ile mara ya tatu, hili la kushoto lingepona?"

Angeweza kusema kwamba hakuna ajuaye.

"Pengine lingeokolewa," akajibu. "Naamini lingeokolewa."

Lynnet alivua fremu, akamrudishia, akaingia ndani.

Jumatatu Boaz alikwenda chuoni kukiri kosa lake. Mkuu wa chuo alimsikiliza, akasema pole. Darasa la Lynnet lilikuwa limehitimu Desemba, hivyo akitaka aombe upya, aanze mwaka wa kwanza. Lynnet hakuomba. Kisumu alikubali kwenda, pamoja na mama yake, lakini hakutaka Boaz awasindikize. Jicho la kulia likatibiwa, akapewa lenzi.

Kila mwezi Boaz alimpigia Risper simu, na kila mwezi Risper alisema Lynnet yupo lakini ana kazi. Mara moja tu, mwezi wa saba, Lynnet aliishika mwenyewe. Akasema lenzi inawasha asubuhi, jioni inatulia. Boaz akasubiri aongeze neno. Lynnet akamwambia kwaheri, na Boaz akabaki na simu sikioni mpaka Pamela alipobisha mlango kumwingiza mgonjwa.