Sahihi za Sonunbu

Damira eje alisoma machapisho yote sitini bila kuinua macho. Alipomaliza aliyalaza mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mwenye homa, akavua miwani.

"Begimai, mdogo wangu, wewe umeolewa?"

Begimai aliitikia kwa kichwa. Damira, msimamizi wake wa utafiti, ambaye wote chuoni walimwita eje, yaani dada mkubwa, alikuja kwenye harusi yake na akacheza hadi viatu vikakatika, kwa hiyo swali hilo lilikuwa na mkia.

"Unakaa na mama mkwe?"

"Ndiyo, eje."

"Anakufungia chakula kabatini? Anasema mtoto hafanani na babake? Anakuamsha saa kumi alfajiri ukafagie theluji, yeye amelala?"

"Theluji anafagia mwenyewe," alisema Begimai kwa sauti ndogo. "Anasema mimi naifagia vibaya."

Damira eje akatabasamu, kisha akajikaza. "Sasa nieleze. Umechagua machapisho sitini ya wakaza wana wanaoandika blogu, na wote sitini wanatamani kumsukuma mama mkwe ziwani. Nikiwapa kamati karatasi hizi, wataniuliza kama nchi hii ina nyumba hata moja isiyowaka moto. Maziwa ya farasi, kabla ya kumiminwa, tunayakoroga mfuko mzima, si ndiyo? Wewe umekinga povu la juu."

Begimai alizitazama karatasi zake. Alikuwa ameandika "mama mkwe" kwenye kisanduku cha kutafutia, akachukua sitini ya kwanza yaliyotokea, na aliyapenda kwa sababu yalikuwa na uhai.

"Kamati inakaa Ijumaa," Damira eje alisema. "Wakiikataa sampuli, mada inakwenda kwa Ulukbek. Aliiomba kabla yako, unajua."

Begimai alijua. Ulukbek hakuwa na mke wala mama mkwe, lakini alikuwa na sauti nene, na kwenye semina watu walimsikiliza. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake anakata unga wa maandazi, mtoto Aiza amefungwa kwenye kiti chake, anapiga kijiko mezani. Mama mkwe aliitwa Sonunbu, ingawa Begimai hakuwahi kulitamka jina hilo. Mkaza mwana hatamki jina la mkwewe, hata akiulizwa na daktari. Alimwita mama, basi. Begimai alifungua kompyuta kwenye kona ya meza akashika tama.

"Umenuna nini?" Sonunbu aliuliza. "Hiyo kompyuta imekutukana?"

"Hapana, mama."

"Basi nisomee ulichoandika."

"Sijaandika mimi. Ni vya watu. Havifai kusomwa mbele yako."

"Mimi nimepika shule ya chekechea miaka thelathini, nimezika mume, nimeng'atwa na farasi. Nisomee."

Begimai alisoma la kwanza haraka haraka, uso umemwiva. Mwanamke mmoja aliandika kwamba mama mkwe wake huweka alama kwenye mtungi wa jemu ya aprikoti ajue imepungua kiasi gani. Sonunbu aliendelea kukata unga. La pili lilikuwa la mama mkwe anayenusa shuka. La tatu la mama mkwe anayezimia kila mwanawe akitaka kwenda sinema na mkewe. Hapo Sonunbu aliacha kisu, akakaa, akacheka mpaka Aiza naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini.

"Anazimia kila mara? Anaangukia wapi?"

"Kwenye kochi, mama."

"Ana akili huyo. Endelea."

Kwenye la tisa alianza kubishana na kompyuta. "Hapa namwonea huruma mkwe, siyo aliyeandika. Mtu ameoka mikate mitatu, yote imeungua, halafu ananuna akiulizwa?" Akafuta machozi kwa kiganja chenye unga. Kisha akasema, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na wewe pia unaandika huko. Binti wa dada yangu kaniambia."

Begimai akatamani sakafu imfiche.

"Umeniandikaje?"

Hapakuwa na njia ya kukwepa. Alifungua blogu yake, akasoma chapisho la siku aliyozaliwa Aiza: jinsi mama alivyokaa mlangoni mwa hospitali saa tisa nzima, na supu kwenye chupa ya chai, amekataa kuondoka, na mlinzi akachoka kumfukuza akamletea kiti.

Sonunbu alijifuta mikono kwenye aproni. Mikono ikawa safi, akaifuta tena.

"Supu ilikuwa imepoa," alisema. "Hukuandika kwamba ilipoa."

"Haikupoa, mama."

"Ilipoa. Ulikuwa umechoka hukujua." Alirudi kwenye unga wake, akakata vipande viwili, akageuka. "Sasa mbona mimi simo kwenye hao sitini wako? Wanusa shuka wamo, mimi simo."

Begimai akaivuta kompyuta. Aliandika "mama mkwe" kwenye kisanduku cha kutafutia cha blogu yake mwenyewe. Hakikutokea kitu. Akajaribu tena, akidhani amekosea. Miaka miwili ya kuandika, kila wiki, na neno hilo hakuwahi kulitumia hata mara moja. Kila mahali aliandika mama.

Alikaa akitazama kioo kitupu. Nani anayemwita mwanamke anayekunywa naye chai kila asubuhi "mama mkwe"? Neno hilo mtu hulitoa siku ya ugomvi, siku nyingine linakaa kabatini. Yeye alikuwa amelitupa kama ndoano, na ndoano ikaleta wenye hasira peke yao. Wanawake wenye nyumba za kawaida, zenye kikohozi cha watoto na mabomba yaliyoganda, walipita chini yake wote.

"Mama," alisema, "nimekosea kazi nzima."

"Basi anza tena," alisema Sonunbu. "Leo ni Jumatatu tu."

Alianza tena kwa njia ndefu. Hakutafuta neno lolote. Aliorodhesha kwanza blogu zenyewe, zote alizoweza kuzipata za wanawake walioolewa wanaoishi kwa wakwe: kwenye orodha za mtandao, kwenye vikundi vya akina mama, kwa kufuata blogu moja kwenda kwenye nyingine. Jumanne yote alifanya hivyo, Sonunbu akimlisha Aiza na mara moja moja akimlisha na yeye. Zikafika blogu mia mbili na kumi na mbili. Kila chapisho akalipa namba, la furaha na la hasira, refu na la mistari miwili, yakawa elfu nne na zaidi. Jumatano mchana akaiambia kompyuta ichague namba sitini kwa kura.

Sonunbu alikuwa amesimama nyuma yake. "Lile la supu limo?"

"Halimo, mama."

"Liweke."

"Siwezi. Ni kura."

"Basi kura irudiwe."

"Nikirudia mpaka litokee tunalolitaka, haitakuwa kura tena."

Sonunbu akanuna. Alasiri hiyo yote alizungumza na Aiza peke yake, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili. "Babu yako alikuwa na mkono mzuri wa kura. Alishinda kondoo. Wengine hawana mkono."

Begimai aliinama kwenye kompyuta akiuma mdomo asicheke. Lakini kicheko kilikatika alipoanza kusoma. Katika yale sitini, thelathini na manne yalimtaja mama, na mengi hayakusema ni mama yupi. Mama kaniambia hivi, mama kaleta vile. Mzazi au mkwe? Kama hajui, utafiti wake wote umekalia kuti kavu, na Ulukbek angeliona hilo kabla hajavua koti. Kanuni ya kazi ilikuwa watu wawili wasome kila mmoja peke yake, watie alama, kisha walinganishe. Begimai alikuwa na aibu ya kumwomba mtu yeyote chuoni. Aliposema hivyo mezani asubuhi ya Alhamisi, Sonunbu alisahau kununa.

"Leta karatasi," alisema. "Na ile miwani yangu ya sindano."

Alisoma dirishani mpaka mchana, akiguna, akitia alama kwa penseli, hakubali kusemeshwa. Alimaliza kabla ya Begimai. Walipolinganisha, walikuwa wamepatana kwenye ishirini na tisa. Kwenye matano waliyotofautiana, Begimai aliuliza anajuaje.

"Angalia nani anamimina chai," Sonunbu alisema. "Kwa mkwe, mkaza mwana anakaa karibu na birika, anajaza vikombe nusu nusu, cha mkwe, cha wifi, cha jirani aliyekuja kuazima chumvi. Kwa mama yake mzazi anakaa mbali na birika. Anamiminiwa, tena analalamika haina maziwa."

Begimai aliyasoma yale matano upya. Katika manne Sonunbu alikuwa sahihi. Katika la tano alikosea, maana birika lilikuwa la hotelini, naye akakubali kwa shingo upande. Kanuni ya birika iliandikwa kwenye ukurasa wa tisa wa kazi, kwa maneno ya kitaaluma kidogo.

Ijumaa kamati ilikuwa ya watu watatu: Damira eje, katibu mmoja mwenye mafua, na mwenyekiti Profesa Asankul, mzee mwenye nyusi nzito ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akicheka. Alipekua karatasi.

"Magomvi saba tu," alisema. "Jumatatu niliambiwa ni sitini."

Begimai alieleza kosa lake la mwanzo, macho yakiwa mezani. Akaeleza orodha, namba na kura.

"Na wanawake wasioandika blogu? Sampuli yako inawasemea?"

"Hapana, mwalimu. Inawasemea wanaoandika. Wengine siwezi kuwasemea."

Profesa akaandika kitu. "Msomaji wa pili ni nani?"

"Mama."

"Mama yako?"

"Mama wa mume wangu."

"Jina lake?"

Begimai akagusa kwa kidole mahali lilipoandikwa. Katibu akasubiri kalamu ikiwa hewani. Damira eje aliivuta karatasi taratibu akasoma, "Sonunbu," kama mtu anayemwokotea mwenzake leso iliyoanguka.

"Ana shahada gani?"

Begimai akapiga moyo konde. "Amekuwa mkaza mwana miaka ishirini na sita, mwalimu. Na mama mkwe miaka miwili."

Katibu alipiga chafya ambayo huenda haikuwa chafya. Profesa hakutikisika. "Yuko wapi?"

Alikuwa kwenye ukumbi wa nje na Aiza, kwa sababu Aiza alikuwa bado ananyonya. Aliingia na kitambaa chake cha maua, mtoto mkononi, akawasalimu wote mmoja mmoja, akauliza hali za nyumbani kwao, na katibu akashauriwa anywe mafuta ya mkia wa kondoo. Kisha Profesa akamsogezea karatasi tatu zisizo na majina, akamwambia aseme kila moja imeandikwa na nani, akiwa nyumba gani.

Begimai alinyoosha shingo. Karatasi hizo hakuwahi kuziona.

Sonunbu alisoma ya kwanza. "Mkaza mwana. Yuko kwa mkwe, na anampenda, ila hapendi wifi." Akasoma ya pili. "Huyu amekwenda kwao kupumzika. Amelala mpaka saa nne." Profesa alitazama orodha yake. Ya tatu aliisoma mara mbili. Akaivuta karibu na miwani, akaisoma mara ya tatu.

"Hii sijui niseme nini," alisema. "Mwandishi anasema ni mkaza mwana. Siyo. Wala si mwanamke."

"Kwa nini?"

"Ameandika, 'Nikaamka, chai ikaja.' Ilikuja kwa miguu gani?"

Damira eje alitazama dirishani kwa bidii kubwa. Masikio ya Profesa Asankul yalibadilika rangi polepole, kuanzia juu.

"Niliiandika mimi leo asubuhi," alisema. "Nilitaka kuwajaribu."

"Chai ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Mkeo ndiye aliyeleta?"

"Ndiye."

"Ungemtaja basi, mwalimu. Mstari mmoja tu."

Nyusi nzito zikapanda, zikashuka, na kutoka chini yake kikatoka kicheko kikavu, kifupi, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Alivuta fomu, akatia sahihi yake chini ya mada ya Begimai, akaisukuma kwa katibu apige muhuri. Begimai aliutazama muhuri ukishuka. Akainamisha kichwa mara mbili.

"Bado jambo moja," Profesa alisema. "Kwa kanuni zetu, msomaji wa pili anatia sahihi kila ukurasa wa sampuli. Anaweza kufanya hivyo nyumbani."

"Nitafanya hapa," alisema Sonunbu.

Alimkabidhi Aiza kwa Damira eje, akavuta kiti mpaka kwenye meza ya kamati, akajaribu kalamu ya katibu, akaikataa, akapewa ya Profesa. Begimai alisimama kando yake akimfunulia kurasa. Sonunbu aliandika jina lake lote kila mara, kwa herufi kubwa za polepole, na wasomi watatu wakasubiri, ingawa harufu ya chakula cha mchana ilikuwa imeshafika ukumbini. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili, wenye mojawapo ya yale magomvi saba, aliacha kuandika, akausoma upya kwa mdomo usiotoa sauti.

"Maskini huyu," alisema, akatia sahihi, akasubiri afunuliwe mwingine.