Kaye Ndani ya Kitabu cha Nyimbo

Wacha niseme tangu mwanzo: Télesphore hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ukimsimulia unapumzika, unamtukana halafu unaenda kulala. Huyu alikuwa jirani mwema wa mtaa wa Kadutu, mwenye mke, mwenye sauti ya tenor katika korali ya parokia. Alipaka vibao vya vinyozi na vya mabaa, na watu walimsalimu kilima kizima. Ndiyo maana aibu yake ilimkaa vibaya hivyo.

Mwaka ule wa sabini na nane alishikwa na tamaa ya kuwa msanii mkubwa. Aliyemtia tamaa hiyo ni Monsieur Alphonse, Mbelgiji aliyefundisha sekondari na kununua picha zake za ziwa. Siku moja Alphonse alimfungulia kitabu kizito cha picha za Ulaya: akina mama wameinamia maiti za wana wao, wajane, watakatifu wanakata roho. Akamweleza kwamba tangu zamani kazi kubwa ya sanaa ni kutazama kifo bila kukwepesha macho. Picha zake za ziwa zilikuwa nzuri, ila hapakuwa na mtu anayelia ndani yake. Télesphore alipanda vijia vya Kadutu akirudi nyumbani, maneno hayo yamemjaa kichwa. Basi akaanza kutafuta huzuni. Fikiria! Mtu mzima, Zaïre hii yetu, anatafuta huzuni ya kuchora, na mlangoni kwake inapita kila wiki.

Haikukawia. Surua iliingia mtaani ikamchukua Constance, mtoto wa pekee wa jirani yake, Maman Apolline, mjane aliyeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Mtoto alikuwa na miaka sita. Alikufa alfajiri, na korali ikaitwa asubuhi hiyohiyo kuimba mpaka saa ya kwenda makaburini. Walimlaza kwenye mkeka katikati ya nyumba, kikwembe cha mama yake kimemfunika mpaka kidevuni, mama mwenyewe kando yake. Korali ilisimama upande wa miguu. Télesphore alikuwa mstari wa mbele, kitabu cha nyimbo wazi mkononi. Ndani ya kitabu alikuwa ameweka kaye ndogo, daftari la shule, na kati ya vidole kipande cha kalamu ya risasi.

Alichora tangu saa tatu mpaka saa nane mchana, huku anaimba. Alichora mdomo wa Apolline ukifunguka bila sauti, mishipa ya shingo, mikono iliyokuwa ikikunja na kukunjua pindo la kikwembe. Machozi yalimtoka kweli, usidhani alikuwa jiwe. Lakini wakati yanamtoka, jicho lilikuwa linapima umbali kati ya kidevu na bega. Mara moja tu mama yule aliinua kichwa, akamkuta anapangusa macho, akamwinamishia kichwa kumshukuru. Télesphore aliona haya kidogo. Kisha akageuza ukurasa.

Picha aliipaka wiki tatu, kwenye kitambaa cha mfuko wa unga alichokishona mwenyewe. Mama amejaa picha nzima, na mbele yake kilima kidogo cha kitambaa, chini kabisa. Alphonse alipoiona alikaa chini. Wakaipeleka kwenye maonyesho katika salle moja, ukumbi wa mjini, ikabandikwa karatasi: *Uchungu*, citoyen Murhula, yaani raia kwa jina lake la asili, kwa kuwa majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyakataza na Télesphore alibaki Télesphore nyumbani tu. Wakubwa walimpa mkono. Mgeni kutoka Brussels akainunua siku ya kwanza. Jamaa akarudi Kadutu anatembea katikati ya barabara.

Ila sokoni hakuna siri. Mtu alimwambia Apolline kwamba kilio chake kiko ukutani mjini, na siku ya mwisho, kabla picha haijafungwa kusafiri, alishuka kwa miguu akaenda kuiona. Kesho yake asubuhi Télesphore alimwona anapandisha kijia kuja kwenye karakana yake. Alitafuta pa kutokea, akakumbuka karakana ina mlango mmoja. Akapanga kuomba msamaha, kusema ni kazi, ni ufundi, kusema ni Monsieur Alphonse. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kumjibu mtu mwenye hasira, na Apolline hakuwa na hasira.

"Nilijiona, papa," alisema. "Mikono ni yangu, kikwembe ni yangu. Hata vile nilikuwa nafungula kinywa. Unajua kuangalia muntu." Akakaa juu ya ndoo ya rangi, akashika magoti. "Sasa miye sina foto ya Constance hata moja. Nilikuwa najisemea tutaenda kwa mupiga-foto Noeli. Na weye ulikuwa pa miguu yake siku muzima. Unichoree uso yake. Naanza kuisahau."

Hapo ndipo mwanaume alipaswa kusema ukweli. Kinywa chake kikasema: "Ndiyo, maman. Niko naye. Ukuje siku ya posho."

Alipoondoka, Télesphore alifungua kaye, kurasa arobaini. Apolline kila mahali: Apolline analia, Apolline amechoka, sikio la Apolline. Uso wa mtoto haukuwepo. Alifumba macho auite uso ule, ukamjia ule mkeka, ukamjia mwanga wa mlangoni, na juu ya kikwembe pakawa patupu. Kwa muda wa saa tano alisimama mbele ya mtoto aliyekufa na hakumwangalia hata mara moja, kwa sababu mtoto alikuwa ametulia, na mambo yote ya kuchora yalikuwa kwa mama.

Akamuuliza mkewe, Eulalie, Constance alifananaje. Alijaribu kuuliza kama anayewaza mengine. Eulalie aliacha kuchekecha unga akamtazama. Akamkumbusha kwamba mtoto yule alikuwa anakuja pale mlangoni kila siku kuomba vifuniko vya makopo ya rangi achezee. Kwamba siku ya komunyo ya watoto wa parokia Télesphore mwenyewe alimbeba mabegani mpaka kanisani. Halafu akamuuliza polepole kama kweli anauliza. Télesphore alitoka nje.

Alichora hata hivyo. Siku nne alichora na kufuta, mpaka ukatoka uso wa mtoto wa kike, macho makubwa, mashavu mazuri, na akaanza kujisadikisha kwamba ndiye. Siku ya posho, yaani Jumamosi, Apolline alikuja amejitengeneza, amevaa kitambaa kipya kichwani. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama sana.

"Uyu ni mutoto ya Séraphine," alisema. "Ule wa pale kwa bomba ya maji. Ule iko muzima."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeletewa chenji isiyo yake. Télesphore akaketi chini kwenye vumbi la rangi, mzee mzima, na ndipo akasema yote, uso ameuinamisha: kaye, kitabu cha nyimbo, kalamu. Na kwamba hakumwangalia mtoto. Alirudia mara mbili kwamba hakumwangalia. Akampa ile kaye achome, atupe ziwani, afanye anavyotaka.

Apolline akaifungua. Akapitia kurasa moja moja, anajipita mwenyewe bila kusimama. Karibu na mwisho akasimama. Pale Télesphore alikuwa amechora mikono inayovuta kikwembe juu, na kwa sababu kikwembe kilivutwa juu, chini kilikuwa kimepungua. Kwenye pembe ya ukurasa mguu mmoja mdogo ulitokeza nje. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake.

"Mama yangu," alisema Apolline, taratibu sana. Akaweka kidole juu ya kile kidole. Alieleza kwamba Constance alizaliwa hivyo, kwamba kila magharibi alikuwa anampaka mawese anakivuta kishuke, na mtoto anacheka, na asubuhi kimepanda tena. Akakipangusa kwenye karatasi, kuelekea chini. Kisha akauliza: "Kule kwa ukuta, uyu muguu haukuwako. Uliuweka wapi?"

"Niliufunika, maman."

"Sababu gani?"

Angeweza kudanganya tena, uongo alikuwa nao. "Ulikuwa unaharibu picha," alisema.

Télesphore alingoja atukanwe. Aliomba atukanwe, angalau apate kitu cha kubeba. Mama yule alichana ukurasa ule polepole asiuharibu, akamrudishia kaye na zile sura zake zote, akainuka.

"Aksanti, papa," alisema. Mlangoni akageuka. "Siku ingine ukienda kwa kilio, uangalie na ule mwenye alikufa."

Akashuka kijia, karatasi ameilaza juu ya viganja viwili isikunjike. Jumapili korali iliimba, na Télesphore alisimama mstari wa nyuma, mikono mitupu, wala hakujua aiweke wapi.