Mke Mwenza wa Chuma

Jumamosi ile nililala na hasira, sijala, hata kilemba sijavua. Mume wangu, Hamdani, alikuwa amekwenda tena kwenye uwanja wa shabaha na bastola yake, na kabla hajatoka tuligombana mpaka majirani wakapunguza redio wasikie vizuri. Jioni moja ya Ramadhani iliyopita majambazi walivamia mashine yetu ya kusaga, yeye akiwa msibani, wakanipiga kitako cha bunduki kwenye paji la uso. Aliporudi akaomba kibali, akanunua bastola, na tangu hapo hana habari na mtu. Anaifuta kwa kitambaa laini, anaipaka mafuta, anaifungia kwenye kasha la chuma na ufunguo anaulalia. Mimi, kuhusu jioni ile, hajaniuliza hata neno moja. Nisifiche: niliionea bastola ile wivu wa kweli, wivu wa mtu aliyeletewa mke mwenza bila kuambiwa. Nikafungasha begi, nikaliweka mlangoni ili akirudi achague, mimi au huyo mke mwenza, kisha nikajinyoosha kitandani kumngoja, usingizi ukanipitia.

Nikajiona katika nchi nisiyoijua, nyeupe kwa vumbi la unga kana kwamba milima yake yote ilikuwa imesagwa, na njia zake zimejaa maganda ya risasi yanayolia chini ya miguu. Mwanamke aliyejitanda kanga ya kijani akanishika mkono kwa mazoea ya shoga wa siku nyingi. Nikamwuliza jina. "Wivu," akasema, "na usijifanye hunijui, tunalala kitanda kimoja tangu Ramadhani." Akanipeleka sokoni, ambako Kiburi, bwana mnene mwenye pete kila kidole, alikuwa amepanga bastola juu ya kitambaa chekundu. Akanikabidhi kubwa kuliko zote. "Hii, bibie, ukiishika tu, hata mumeo atakuamkia." Mkono ulilemewa na uzito wake, lakini niliipenda, maana ilikuwa kubwa kuliko ya Hamdani.

Hapo akaja mama mmoja mrefu, mkavu, akaichukua mkononi mwangu, akaelekeza mtutu chini, akatoa risasi, akatazama ndani, akatazama tena. Huyo ndiye Tahadhari, mwalimu wa nchi ile. "Kiburi anakuuzia sifa," akaniambia. "Silaha ya kujilinda ni ile unayoimudu hata mkono ukitetemeka." Akanipa ndogo iliyokaa vizuri kiganjani, akanifundisha mpaka jua likainama: miguu iachane, pumzi itulie, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka uwe umekata shauri. Wivu alikaa pembeni akipiga miayo.

"Sasa aje adui yako," akasema Tahadhari. Mwisho wa uwanja akatokea bi harusi wa chuma, mwili mzima unang'aa mafuta, na shingoni, badala ya mkufu, amevaa ufunguo wa kasha letu. Wivu akaruka kutoka alipokaa, akaninong'oneza, "Ndiye huyo, mmalize." Nikanyanyua mikono. Shauri nilikuwa nimekwisha kulikata nyumbani.

"Nyuma ya shabaha kuna nani?" akauliza Tahadhari.

Maneno hayo nayajua. Hamdani huyasema kila anapofungua lile kasha, mpaka yamenichosha. Nikajibu kwamba hakuna mtu.

"Hujatazama."

Nikashusha mikono, nikasogea kando. Nyuma ya bi harusi alikuwa amechuchumaa mume wangu, amejikunyata kama mtoto aliyevunja mtungi wa maji, na mtu asiye na uso, aitwaye Aibu, amemziba mdomo kwa viganja viwili. Alikuwa ananitazama. Kila alipotaka kusema, viganja vilikaza. "Yuko hapo tangu aliporudi msibani akakukuta sakafuni," akasema Tahadhari. "Mumeo amemweka huyu wa chuma mbele yake ili ajifiche, usimwone." Nikageuka kumtafuta Wivu aniambie la kufanya. Alikuwa amevua kanga, na hakuwa mwingine ila Hofu, mwembamba, anatetemeka, ana jeraha kwenye paji la uso pale pale nilipopigwa mimi. Nikamrudishia Tahadhari bastola, mtutu chini, nikamshika Hofu mkono.

Nikaamka nikiwa nimeshika kovu langu. Sebuleni Hamdani alikuwa amekwisha rudi, ameketi mkekani na kitambaa chake, bastola iko vipande vipande mbele yake. Begi langu mlangoni alikuwa ameliona.

"Unaondoka?" akauliza bila kuinua macho.

"Ifungie kwanza hiyo, Baba Salha. Kisha uje ukae."

Akaiunganisha, akatazama ndani, akatazama tena, akaifungia. Akaja akakaa, ufunguo mkononi, hajui auweke wapi. Nikamwambia, "Jumamosi ijayo tunakwenda wote, na mimi nijifunze. Lakini leo kuna jambo hujaniuliza."

Midomo ilimcheza, akaifuta kwa kiganja, kisha sauti ikatoka, ndogo.

"Walipoingia, Mama Salha, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikalisukuma begi kando kwa mguu, nikaanza kumweleza.