Huwezi Kujua Kama Yupo

Usiku wa jana niliota nachoma vitumbua, nikasikia hodi. Nikafungua mlango. Amesimama mwanamke mwembamba na begi lake, macho chini.

"Shikamoo, Mama Zamda. Mimi ni Upole wa binti yako. Nimefuata kanga yangu."

Nikamkaribisha chai, maana mgeni ni mgeni. Nikamwuliza begi la nini, wakati anaishi humu humu tangu Zamda azaliwe.

"Nilihama wakati wa Ramadhani," akasema. "Mpole hucheka, mama, ila taratibu. Mwanao hacheki kabisa. Nikaona naharibiwa jina."

"Na huyo anayeshinda chumbani amejifunika gubigubi?"

"Huyo simjui. Aliikuta kanga yangu kwenye kamba, akajitanda, mkadhani ni mimi. Nyie mnamsifu tu."

Nilichukia. Yaani mtu ahame kwangu bila kuaga, halafu aje kunifundisha mwanangu? Nikamwambia Zamda ndivyo alivyo, amefanana na shangazi yake Mwanahawa, aliyezaa watoto wote bila kutoa sauti.

"Huyo shangazi ulimwuliza?" kitumbua kimoja kikadakia. Nikakigeuza. Upande wa pili hakikuwa na la kusema.

Nikaenda kumwamsha Zamda aje ajitetee. Nafungua mlango wa chumba chake, naingia kwenye ukumbi wa harusi. Wanawake wamejaa, Zamda amekaa mbele na sare yake ya shule, na mimi nimeshikishwa maiki. Anayeolewa hata simjui. Mshereheshaji ni chupa yangu ya chai, ile yenye maua.

"Mama mzazi, msifie mwanao," inasema. "Lakini hapa ukisema, imekuwa."

Kumsifu mwanangu nako ni kazi? Nakohoa kidogo, naanza.

"Mwanangu hana maneno."

Vigelegele. Zamda anafungua mdomo, hautoki hata mguno.

"Si mtoto wa kula kula ovyo."

Sahani ya pilau iliyo mbele yake inanyanyuka, inatoka nje bila haraka. Wanawake wanaipisha.

"Hana mashoga wa ajabu ajabu."

Viti vilivyo karibu naye vinahama na watu waliovikalia. Naona kabisa kinachotokea, sijapofuka. Lakini vigelegele ni vitamu jamani, na mimi nikishapewa maiki kuirudisha ni shughuli.

"Yaani mtoto huyu," nasema, "akiwa ndani hata huwezi kujua kama yupo."

Kwenye kiti imebaki sketi ya shule, imekaa wima, ndani hamna mtu.

Hapo naogopa. Naiambia chupa nimekosea, nimefuta, mrudisheni mwanangu.

"Imekuwa," inasema, na kujifunga kifuniko.

Sketi inanigeukia. "Mama Zamda, punguza sauti, mimi si kiziwi. Nimemshikilia kiunoni hadi pini zimepinda. Mtu anakwisha, nyie mnapiga vigelegele."

Nikaamka. Kulikuwa kumeshakucha. Nikaenda chumbani kwa Zamda, nikamkuta amelala, kaelekea ukutani. Sketi yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Nikaishika, nikageuza kiuno. Kilikuwa kimekunjwa kwa ndani na kubanwa pini juu ya pini, na ya mwisho ilikuwa imepinda.

"Shikamoo, mama," akasema bila kugeuka.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Siku zote hapo huwa naondoka, nimeridhika, mwanangu ana adabu. Leo nikakaa kitandani. Watu wetu tunajuana: mtu nyumba yake imeungua, ukimsalimia atajibu salama kwanza, ndipo aseme "ila". Kumbe mimi hiyo ila sijawahi kuingoja.

"Salama, ila?" nikamwuliza.

Mdomo uliniwasha kumjibia, wallahi, nikauzuia kwa mkono.

"Ila nimechoka, mama," akasema. Na ndiyo kwanza alikuwa anaamka.